Solo ya Ukambani Iko Umbali wa Vidole Vitatu

Mpiga gitaa wa Wote au Kitui mjini akitaka mlio wa benga ya zamani, swali lake huwa moja: ninunue nini? Atatajiwa pedali, atatajiwa programu ya kompyuta inayoigiza amplifaya za kila aina, na akionekana ana pesa ataambiwa abadilishe gitaa lenyewe. Ni nadra kumsikia mtu akimwambia asogeze maiki.

Mlio anaoutafuta unajulikana. Ni ule wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, wa Peter Mwambi na Kyanganga Boys, wa Lower Mbooni Boys waliobeba jina la vilima vya Mbooni kule Makueni. Kakai alizaliwa 1954 akafariki 1987, na nyimbo zake za Kiswahili kama Mama Sofi zilimvusha mbali na Ukambani. Katika santuri hizo solo ni nyembamba na safi, ina makali juu lakini haiumizi sikio; chini yake ridhimu inazunguka bila kuchoka na besi inatembea kivyake. Mlio huo haukwaruzi kama ule wa magitaa ya roki ya Uingereza, lakini kuunasa kunafuata kanuni zilezile, kwa sababu kote chombo kinachosikika ni spika.

Hapo ndipo studio nyingi za leo zinapokosea. Gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, ngoma zinatoka kwenye kinanda, kazi inaisha kabla ya chakula cha mchana. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti zote alizonazo mpigaji. Kuanzia karibu 5,000 Hz kwenda juu inaporomoka haraka, na kule chini nako inapunguza. Huo upungufu ndio unaoufanya mlio uwe mtamu. Ukiiruka spika unabaki na mchakacho wa nyuzi, kisha unashinda kutwa ukipambana nao kwa vitufe vya trebo.

Basi amplifaya iwepo, hata ndogo. Mpiga gitaa wa roki Jimmy Page alipiga sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyorekodiwa London mwaka 1968, kwa amplifaya ndogo ya Supro, na watu wakadhani wanasikia mlima wa spika. Amplifaya kubwa ikifunguliwa nusu chumbani inatikisa madirisha, na maiki itanasa madirisha hayo pia.

Kuhusu maiki, Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965, ndiyo inayosimama mbele ya amplifaya za gitaa karibu dunia nzima. Haina utajiri wa maiki ya kondensa, ila inastahimili kelele kubwa na inainua kidogo sauti za kati ya 5,000 na 6,000 Hz, mahali ambapo gitaa linahitaji kusikika. Za bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo usikimbilie kununua. SM58, ile ya waimbaji yenye kichwa cha wavu wa mviringo, inapatikana kwenye kwaya na bendi nyingi za Ukambani, na moyo wake ni wa ukoo mmoja na wa SM57. Fungua kile kichwa cha wavu na unakaribia sana SM57. Ukimaliza kirudishe mara moja: ndani mna sumaku, na vumbi letu jekundu lina chembe za chuma zinazong'ang'ania sumaku.

Sasa sehemu yenyewe. Chukua tochi, mulika kupitia kitambaa cha spika mpaka uone kile kikofia cha mviringo katikati ya koni. Weka alama ya chaki mahali ukingo wa kikofia unapokutana na karatasi ya koni. Elekeza maiki kwenye alama hiyo, umbali wa vidole vitatu kutoka kitambaani, mwambie mpigaji arudie kifungu kimoja, nawe uvae hedifoni. Sogeza maiki upana wa kidole kuelekea katikati: makali yanapanda, kila mguso wa plektra unasikika kama msumari. Rudi ukingoni, kisha pita kidole kimoja kuelekea nje: mlio unanenepa, unatulia, na solo inaanza kujificha nyuma ya ridhimu. Hakuna kitufe cha trebo kinachofanya kazi hiyo vile, kwa sababu kitufe kinapandisha au kushusha kilichopo, ilhali kila sehemu ya koni inatoa mchanganyiko wake.

Umbali nao una lake. Maiki za aina hii huongeza besi kadiri zinavyokaribia chanzo. Ukiibandika maiki kwenye kitambaa unapata tumbo ambalo benga hailihitaji. Ukiirudisha nyuma kiasi cha shubiri moja, tumbo linapungua na chumba kinaanza kuingia. Kwa solo ya Kikamba mimi huanza kwenye ukingo wa kikofia, vidole vitatu. Ridhimu naipeleka nje zaidi kwenye koni. Magitaa mawili yakinaswa mahali pamoja pa koni yanagombania nafasi, na hapo watu huanza kulaumu mpigaji.

Chumba chenyewe kinahitaji maneno machache. Mabati bila dari yanarudisha sauti kali, na adhuhuri ya Kitui yanalia yakitanuka kwa joto. Jioni yanalia tena yakipoa. Rekodi usiku, ikiwa jirani hana jenereta. Tundika mablanketi nyuma ya maiki, maana ukuta wa tofali ulio uchi unaingia kwenye rekodi kama mpigaji wa ziada. Nimeona mtu akipanga magunia ya ndengu pembeni mwa chumba kudhibiti besi, na yalisaidia, ingawa wenye ndengu walitaka kuyapeleka sokoni.

Maiki ya pili inavutia, na wanaroki waliipenda. Page mwenyewe alisisitiza kuweka nyingine mbali ili chumba kiongeze kina. Tatizo ni hesabu. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Maiki ya pili ikiwa sentimita 17 nyuma ya ya kwanza, sauti inaifikia nusu ya elfu moja ya sekunde baadaye, na ukizichanganya, mawimbi ya 1,000 Hz yanapingana na kupunguzana, pamoja na ya 3,000 na 5,000. Noti za juu kabisa za solo ziko karibu na hiyo 1,000. Umeongeza maiki na gitaa limepungua. Zilingane midomo kabisa, au ya pili iende mita mbili au zaidi na ichanganywe chini sana, ili isikike kama chumba.

Wengi hukwepa tatizo hilo kwa kuitupa maiki moja spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Kwenye hedifoni inapendeza. Lakini msikilizaji wa Mutomo au Kibwezi anausikia wimbo Musyi FM au Mbaitu FM kwenye redio ya spika moja, au kwenye simu iliyowekwa juu ya meza ya kibanda. Pande mbili zinarudi kuwa moja, mawimbi yanapingana upya, na solo iliyokuwa mbele studioni inazama chini ya ngoma. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mpigaji na kumwacha aende, bonyeza kitufe cha mono na usikilize wimbo mzima kwa spika moja ndogo.