Utando wa Darubini Kando ya Maziwa ya Momela

Asubuhi, jua linapopanda upande wa Kilimanjaro na maji ya magadi ya Momela yakang'aa mfano wa fedha, mtu aliyekuja kutazama heroe kwa darubini ya macho mawili hupatwa na taabu ambayo aghalabu huidhania ni ya macho yake: ndege anawaona, wala hawako mbali, ila ni kama kwamba shela nyeupe imetandwa baina yake na wao, hata asiweze kumpambanua heroe mdogo, mwenye mdomo wa wekundu uliokoza kukaribia weusi, na heroe mkubwa, ambaye mdomo wake ni wa waridi na weusi uko nchani tu.

Macho hayo ni mazima; kasoro iko katika vioo vya darubini. Nuru inapotoka hewani kuingia katika kioo kitupu, au inapotoka kiooni kurudi hewani, kadiri ya asilimia 4 hurejeshwa nyuma. Na katika kila upande wa darubini, penye lenzi na miche ya kioo, nyuso zinazokabili hewa zikiwa 10, thuluthi ya nuru haifikii jicho. Lakini kwangu mimi hasara hiyo ni haba, kwani mchana wa Momela hauna uchache wa nuru. Balaa ni ile nuru iliyorejeshwa, ambayo hurushwa huku na huku baina ya lenzi, kisha sehemu yake ikamwagika jichoni bila sura yoyote, na weusi wa mbega aliye kivulini ukageuka kijivu.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani, alibuni njia ya kuipunguza nuru hiyo kwa kuvukiza madini katika chombo kilichoondolewa hewa, yatande juu ya kioo. Utando mashuhuri ni wa floridi ya magnesi. Na floridi mkazi wa Momela anaijua, kwani imejaa katika maziwa haya, na ndiyo iliyowatia wengi meno ya kahawia. Unene wa utando huo ni sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, yaani robo ya wimbi la nuru likiwa ndani yake, hata nuru inayorejeshwa na uso wa utando na ile inayorejeshwa na kioo chini yake hukutana kilele kwa bonde, zikafutana; asilimia 4 ikashuka hadi 1 na nusu hivi, na kwa tabaka nyingi ikawa chini ya nusu ya asilimia.

Kwa kuwa utando mmoja hulingana na rangi moja, aghalabu kijani, wekundu na samawati husalia, na ndiyo sababu lenzi iliyopakwa huonyesha zambarau inapokabili taa, ilhali kioo kitupu hurejesha weupe ule ule wa taa. Mnunuzi na achungulie hadi nyuso za ndani, kwani ziko darubini zilizopakwa nje tu, na shela ikabaki pale pale. Na vumbi la Momela, ambalo asili yake ni volkano, lisipanguswe kwa pindo la shati: sharti lipulizwe kwanza, kisha lifagiwe kwa brashi laini, maana punje zake hukwaruza utando.