Kesi ya Kapenguria, Sehemu ya Pili: Bei ya Hukumu

Wiki iliyopita tulimwacha Jomo Kenyatta mikononi mwa askari, usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, muda mfupi baada ya Gavana Evelyn Baring kutia sahihi tangazo la hali ya hatari nchini Kenya. Usiku huo huo viongozi wengine zaidi ya mia moja walizolewa majumbani mwao. Kulipokucha, serikali ya kikoloni ilikuwa imempata mtu iliyemtaka. Ilichokosa ni kesi.

Msomaji atauliza kesi ilihitajika ya nini. Sheria za hali ya hatari zilimpa gavana uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu, na katika miaka iliyofuata Wakenya kwa maelfu walifungwa hivyo hivyo. Lakini Kenyatta hakuwa mtu wa kufichwa kimya kimya. Alikuwa rais wa chama cha Kenya African Union. Alikuwa ameishi Ulaya kwa takriban miaka kumi na mitano, akasoma London chini ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka 1938, na mwaka 1945 akakaa meza moja na Kwame Nkrumah katika mkutano wa Waafrika uliofanyika Manchester. Mtu kama huyo akitoweka bila hukumu, maswali yangeulizwa katika Bunge la Uingereza, India na Afrika Magharibi. Baring alihitaji karatasi yenye muhuri wa mahakama, iseme kwamba Kenyatta ni mhalifu. Ukianzia hapo, kila kilichotokea Kapenguria kinaeleweka: hukumu ilitangulia, kesi ikafuata nyuma yake kuitafutia uhalali.

Kwanza mahali. Kapenguria, katika nchi ya Wapokoti kaskazini mwa Kitale, haikuwa mji wa mahakama kubwa. Ilikuwa boma dogo la utawala karibu na mpaka wa Uganda, na eneo lake lilikuwa limefungwa kwa amri ya serikali, haliingiliki bila kibali. Kenyatta hakuishi huko wala hakukamatiwa huko. Kwa hiyo alisafirishwa kwa ndege pamoja na wenzake watano, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Walipofika wakaachiliwa kwa jina tu, kisha wakakamatwa upya papo hapo ili ionekane kwamba mahakama ya Kapenguria ina mamlaka juu yao. Nairobi kulikuwa na majengo ya mahakama, maktaba za sheria, waandishi wa habari na umma uliotaka kuiona kesi. Hilo la mwisho ndilo lililoogopwa.

Kesi ikasikilizwa katika darasa la shule. Hapakuwa na hoteli wala vitabu vya sheria. Mawakili walilala Kitale, mji wa walowezi ulio umbali wa kilomita zipatazo arobaini, na kila asubuhi wakaenda kwa gari katika barabara ya vumbi. Na huko Kitale nako, ubaguzi wa rangi uliwatenganisha usiku watu waliokuwa wakitetea kesi moja mchana: kiongozi wao Mwingereza aliweza kulala hotelini, ila wenzake Waasia na Waafrika ilibidi wahifadhiwe na wenyeji wema.

Jopo lenyewe la utetezi lilikuwa la kipekee katika historia ya sheria Afrika Mashariki. D. N. Pritt, wakili mkuu kutoka London, ndiye aliyeliongoza. Kutoka India alikuja Diwan Chaman Lall, na kutoka Nigeria H. O. Davies. Nairobi ilitoa Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Na kutoka Moshi, Tanganyika, alikuja Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa rubani wa vita, akasoma Oxford, kisha akafungua ofisi ya uwakili chini ya Kilimanjaro. Thompson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhangaika kuwakusanya wenzake. Watanzania wengi hawajui kwamba sehemu ya utetezi wa Kenyatta ilianzia nchini kwao, na inafaa wajue.

Upande wa pili alisimama Anthony Somerhough, mwanasheria aliyepata uzoefu mkubwa Ujerumani baada ya vita, alipokuwa akiwatafuta na kuwashtaki wahalifu wa Kinazi. Hakuwa mtu wa mzaha. Hata hivyo, udhaifu wa kesi yake ulionekana mapema. Polisi walikuwa wamebeba mzigo mkubwa wa karatasi kutoka nyumba ya Kenyatta, wakaupekua, na hawakutoa humo hati hata moja iliyomwonyesha akiiongoza Mau Mau, harakati ya siri ya kuupinga ukoloni.

Sasa tuje kwa hakimu, maana hapa ndipo palipooza zaidi.

Ransley Thacker alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya aliyekwisha kustaafu. Serikali ikamrudisha kazini, ikampa cheo cha hakimu tu, na kumketisha peke yake kuamua kesi kubwa kuliko zote zilizowahi kuletwa katika koloni hilo. Kabla ya kesi alikuwa akiwasiliana na Gavana Baring. Akaeleza kwamba akimtia Kenyatta hatiani hataweza tena kuishi Kenya kwa usalama, na kwamba itabidi afidiwe kwa kuhama. Fidia aliyolipwa kwa siri ni pauni 20,000. Mawakili wa utetezi hawakuambiwa, wala washtakiwa, wala umma. Siri hiyo ilifichuka miaka mingi baadaye, Kenya ikiwa tayari huru.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Hakimu anayemwachilia mshtakiwa hana sababu ya kuikimbia nchi ya walowezi. Hatari aliyoitaja Thacker ingekuwepo kwa hukumu ya aina moja tu, na malipo yalipangwa kwa kuitarajia hukumu hiyo. Hata kama tungemfikiria kwa wema wote, tukasema aliamini kweli kwamba Kenyatta ana hatia, bado aliingia mahakamani akiwa amekwisha kupatana na mmoja wa wahusika wa kesi kuhusu gharama za matokeo yake. Kwa kipimo cha Waingereza wenyewe, huyo si hakimu tena.

Shtaka lilikuwa kuiendesha Mau Mau, au kusaidia kuiendesha, nayo ilikuwa imepigwa marufuku mwezi Agosti 1950. Ushahidi wa moja kwa moja dhidi ya Kenyatta ulitegemea hasa mdomo wa mtu mmoja, kijana aitwaye Rawson Macharia. Alidai kwamba tarehe 16 Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo usiku, na kwamba yeye mwenyewe alitakiwa anywe damu.

Machi inatangulia Agosti. Hata kama kila neno la Macharia lingekuwa kweli, kitendo alichokisimulia kilifanyika miezi mitano kabla ya chama hicho kuharamishwa. Pritt alilisema hilo waziwazi. Halikumsaidia.

Utetezi ukaleta mashahidi kumi kuyakanusha maelezo hayo. Katika hukumu yake Thacker aliandika kwamba anajua kumwamini Macharia kunamlazimu kuwaona hao kumi kuwa waongo, na kwamba hasiti kufanya hivyo, kwa kuwa Macharia alitoa ushahidi wake vizuri. Hakueleza zaidi ya hapo. Sauti kumi za Waafrika waliokula kiapo cha mahakama zilizimwa na sauti moja, na sauti hiyo moja, kama tutakavyoona, ilikuwa imeahidiwa malipo.

Kulikuwa pia na ushahidi wa wazi uliopaswa kumwokoa mshtakiwa. Tarehe 24 Agosti 1952, huko Kiambu, mbele ya umati mkubwa na mbele ya kamera, Kenyatta aliilaani Mau Mau kwa laana nzito ya Kikikuyu. Upande wa mashtaka ukajibu kwamba hakuilaani vya kutosha. Angesema nini zaidi? Kaggia, aliyekuwa kizimbani pamoja naye, baadaye alisimulia kwamba baada ya mkutano huo yeye na wenzake wa kamati ya siri walimwita Kenyatta na kumtaka aache kuhutubia hivyo. Kiongozi wa kundi haitwi na kundi lake kwenda kuonywa asilipinge.

Hapa ukweli usemwe wote. Kubai na Kaggia walikuwa katika mrengo mkali uliolisha watu viapo na kupanga upinzani wa silaha, na baada ya uhuru hawakuficha. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi bora ya nyanda za juu, na Mwafrika alikuwa ametembea miaka mingi na kipande, yaani pasi ya kazi, shingoni. Wengi waliokula kiapo waliona njia nyingine zote zimezibwa. Lakini mahakama haikukaa kuchunguza nani alifanya nini. Iliwafunga kamba moja mtu aliyeshiriki, mtu aliyepinga hadharani, na Achieng Oneko, Mjaluo ambaye hata Kikikuyu kilichozungumzwa katika viapo hivyo hakikuwa lugha yake. Ukimfunga asiyehusika pamoja na anayehusika bila kuwapambanua, hata huyo anayehusika hujamhukumu kwa haki.

Yaliyotokea kati ya Desemba na Aprili yangejaza kitabu. Mkalimani wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, yule yule wa mifupa ya Olduvai, ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu dhidi ya Mau Mau. Utetezi ulipinga uwepo wake hadi akajiondoa. Pritt alipowapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kwamba mazingira ya kesi ni kunyimwa haki, Thacker alisimamisha shughuli na wakili huyo akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu ya Nairobi haikumtia hatiani, kesi ikarudi pale ilipokuwa. Kenyatta mwenyewe alihojiwa kwa siku kadhaa, na majibu yake yalikuwa ya mtu mtulivu, mara nyingine mwenye kejeli, ambaye hakukubali kuwekewa maneno mdomoni.

Mwishoni mwa Machi 1953, hukumu ikisubiriwa, watu wengi waliuawa Lari na kituo cha polisi cha Naivasha kikavamiwa usiku huo huo. Hasira za walowezi zikapanda. Tarehe 8 Aprili Thacker alisoma hukumu yake: miaka 7 ya kazi ngumu kwa kila mmoja, na baada yake kuzuiliwa mahali maalumu bila kikomo. Alimwambia Kenyatta kwamba ameutumia uwezo wake juu ya watu wake na silika za kishenzi zilizolala ndani ya tabia zao. Alikuwa akizungumza juu ya taifa zima, wala hakuona haja ya kuomba radhi. Kenyatta alijibu kwa niaba ya wote sita kwamba hawaikubali hukumu hiyo, kwamba hawakutendewa haki, na kwamba wataendelea kudai haki za Waafrika. Thacker aliondoka Kenya kwa ndege mara baada ya kesi.

Rufaa zilizofuata zinaonyesha jinsi sheria ilivyopindwa ili isikatike. Mwezi Julai 1953 Mahakama Kuu ilifuta hukumu kwa sababu ya kitaalamu ya kushangaza: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa jimbo la Kaskazini, hali Kapenguria ilikuwa katika jimbo la Bonde la Ufa. Serikali ikakata rufaa yake, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairudisha hukumu mahali pake. Januari 1954 rufaa ya wafungwa ikakataliwa, isipokuwa ya Oneko, ambaye alionekana hana hatia. Hakwenda nyumbani. Aliwekwa kizuizini kwa amri ya gavana, akakaa humo hadi mwaka 1961. Mwezi Julai 1954 Baraza la Malkia huko London lilikataa kuisikiliza kesi.

Na Macharia? Serikali ilimlipia safari na masomo ya utawala wa serikali za mitaa huko Exeter, Uingereza, na kumwahidi kazi atakaporudi. Baring mwenyewe alikuwa ameiandikia London kwamba kila juhudi imefanywa kuwapa mashahidi zawadi na kuwalinda. Novemba 1958 Macharia alitoa hati ya kiapo akisema kwamba alidanganya Kapenguria, na kwamba alidanganya kwa sababu alinunuliwa.

Serikali ilimshtaki. Ila haikumshtaki kwa uongo wa Kapenguria, kwani kufanya hivyo kungeibomoa hukumu ya Kenyatta. Ilimshtaki kwa kuapa uongo katika hati ya 1958, yaani kwa kusema kwamba alidanganya. Pritt alirudi kutoka London, safari hii kumtetea shahidi yule yule ambaye ushahidi wake alikuwa ameupinga. Barua ya serikali yenye ahadi za masomo na gharama ilionekana mahakamani, haikuweza kukanushwa. Hata hivyo, mwaka 1959, Macharia alifungwa miezi 21. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Kenyatta alimaliza kifungo chake na kuhamishwa kutoka Lokitaung, alikokuwa amefungwa, kwenda Lodwar, bado chini ya ulinzi.

Wiki ijayo tutawafuata wafungwa hao Lokitaung, tuone mafarakano yaliyozuka kati yao na Kenyatta, na barua waliyoitorosha hadi gazeti la The Observer mwaka 1958.