Je, Wajua? Si kila damu ya chooni ni bawasiri

Saratani ya njia ya haja kubwa ni adimu, lakini haiwapati watu wote kwa kiwango sawa. Takribani wagonjwa 9 kati ya 10 huipata kutokana na virusi vya HPV, vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaoishi na VVU, hata wanaomeza dawa zao vizuri. Nchini Marekani ugonjwa huu umeongezeka kwa miongo kadhaa, hasa kwa waliovuka miaka 50.

Aibu ndiyo inayoniuma. Mtu wa Masumbwe, mkoani Geita, akiona damu au uvimbe, ni rahisi anunue dawa ya bawasiri dukani na kunyamaza miezi. Mwambie daktari, akupime kwa kidole. Ni dakika chache tu. Ikigundulika mapema, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi na dawa bila upasuaji mkubwa. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mojawapo ya hospitali za rufaa ni Bugando, Mwanza.

Chanjo ya HPV, inayotolewa nchini Tanzania kwa wasichana tangu 2018, hukinga saratani hii pia.