Rangi Nne za Kadi ya CGA

Wanangu, ule mchezo mnaoucheza kwenye kompyuta, wenye magari yanayong'aa na mvua inayomwagika barabarani, haukai ndani ya kioo. Kioo hakijui gari ni nini. Chenyewe kinajua vitone tu: hiki kiwe chekundu, kile kiwe cheusi, kile cha pembeni kiwe kijani. Kinachokiamuru ni kifaa kingine kilichochomekwa ndani ya kompyuta, nacho ni kadi ya picha. Nataka niwasimulie jinsi kadi hiyo ilivyozaliwa na ilivyokua. Itabidi tupige hesabu kidogo njiani, maana utamu wa hadithi hii umo humo humo kwenye hesabu.

Mwezi wa Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani iliyoitwa PC. Mnunuzi aliweza kuchagua kadi mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza, MDA, ilikuwa ya watu wa ofisini: maandishi ya kijani juu ya kioo cheusi, herufi 80 kwa mstari, mistari 25. Maandishi yake yalikuwa safi na yalisomeka vizuri, lakini kuchora haikuweza kabisa. Herufi na alama zake 256 ziliwekwa tangu kiwandani ndani ya chipu, na lisilokuwemo humo halikuonekana kamwe. Ya pili, CGA, iliweza kuchora, tena kwa rangi.

Rangi ngapi? Chukueni daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo, mwone wenyewe. Tuseme ukurasa una miraba 320 kwenda upande na 200 kwenda chini. Jumla ni 64,000, na kila mraba ni kitone kimoja cha kioo. Kadi lazima ikumbuke rangi ya kila kitone, kwa sababu skrini za wakati ule zilikuwa za chogo, na picha zake hufifia papo hapo, kwa hiyo picha ya CGA ilichorwa upya mara 60 kila sekunde. Kumbukumbu ya kompyuta huhesabiwa kwa biti, na biti moja ina hali mbili tu, sifuri au moja. Ukikipa kila kitone biti moja, unapata rangi mbili. Ukikipa biti mbili, unapata 00, 01, 10 na 11, yaani rangi nne. Vitone 64,000 kwa biti mbili mbili ni biti 128,000. Biti nane ni baiti moja, basi picha nzima ni baiti 16,000.

Kumbukumbu ya CGA ilikuwa kilobaiti 16, yaani baiti 16,384. Mmeona? Picha imeingia, zimebaki baiti 384 tu. Rangi ya tano ingedai biti ya tatu kwa kila kitone, na nafasi ya biti hiyo haikuwepo. Ndiyo maana michezo mingi ya PC ya miaka ile ina rangi nne. Na nne zenyewe hazikuchaguliwa kwa hiari yote: mtengenezaji wa mchezo alichagua rangi ya nyuma, kisha zile tatu zilikuja kwa seti. Ama kijani, nyekundu na kahawia, ama samawati, pinki kali na nyeupe. Wachoraji walichora bahari, misitu na nyuso za watu kwa hizo hizo, na wengine walifanya kazi nzuri mno.

Hiyo kahawia ina kisa chake. Kutoka kwenye kadi kwenda kwenye skrini, rangi zilipita katika nyaya nne: wa nyekundu, wa kijani, wa buluu, na wa nne wa kuongeza mwanga. Kila waya ulikuwa umewaka au umezimwa, na ukihesabu namna zote za kuziwasha unapata rangi 16 za maandishi. Nyekundu na kijani zikichanganyika katika mwanga hutoa njano. Njano hiyo ikiwa hafifu hugeuka rangi chafu isiyopendeza. Basi IBM ikaweka ndani ya skrini yake njia maalumu ya umeme, yenye kazi ya kuitambua rangi hiyo moja na kuipunguzia kijani, ili itokee kahawia nzuri. Mimi napenda sana kwamba kuna wahandisi waliokaa chini wakahangaikia kahawia.

CGA ilikuwa na ugonjwa mmoja pia. Kumbukumbu yake haikuweza kusomwa na kuandikwa kwa wakati mmoja. Ikiwa kadi inasoma herufi ili izionyeshe, na papo hapo kompyuta ikaandika jambo jipya, kadi ilikosa ilichokuwa ikikitafuta na kurusha vitone ovyo. Kioo kikajaa chembe nyeupe, na watu wakaiita theluji. Dawa waliyoigundua waandishi wa programu ilikuwa subira. Mwale unaochora picha ukifika mwisho wa mstari, hurudi upande wa pili kuanza mstari mwingine, na katika kitambo hicho kidogo sana kadi haisomi kitu. Programu ilingoja hapo, ikaandika upesi, kisha ikangoja tena.

Sasa niwapeleke kwa Van Suwannukul, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa Marekani. Alitaka kuandika tasnifu yake ya chuo kikuu kwa Kithai kwenye kompyuta ya IBM, na Kithai kina herufi zake. Ndani ya chipu ya MDA hazikuwemo. Hata sisi, mtu ambaye angetaka kuandika utenzi wa zamani kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, asingeweza, kwa kuwa nazo hazikuwemo. Suwannukul hakusubiri IBM imkumbuke. Alitengeneza kadi yake, na mwaka 1982 ikatoka ikiitwa Hercules. Ilionyesha maandishi safi kama MDA, na juu ya hayo iliweza kuwasha kitone chochote peke yake, 720 kwa 348. Anayeweza kuwasha kitone chochote anaweza kuandika kwa herufi za lugha yoyote. Anaweza pia kuchora chati za biashara, na maofisi yakaikimbilia.

Mwaka 1984 IBM ilileta EGA, yenye rangi 16 kwa pamoja zilizochaguliwa kati ya 64. Hapo sikai. Nataka kufika 1987, mwaka wa VGA.

VGA iliacha mtindo wa waya kuwaka au kuzimwa. Nyaya zake tatu za rangi zilibeba umeme wa viwango tofauti, viwango 64 kwa kila waya. Zidisheni: 64 mara 64 mara 64 ni rangi 262,144. Kati ya hizo programu ilichagua 256 na kuzitumia kwa pamoja kwenye vitone 320 kwa 200. Kitone kimoja sasa kilichukua baiti moja kamili, picha nzima baiti 64,000, na dirisha la kumbukumbu ambalo kompyuta iliona kwa mara moja lilikuwa baiti 65,536. Picha ilitosha tena, tena kwa urahisi mkubwa: kitone kimoja, baiti moja, hakuna kukatakata. Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, ulichorwa kwa rangi hizo 256 na vitone hivyo 320 kwa 200. Plagi ya VGA, ile yenye pini katika safu tatu na skrubu mbili pembeni, huenda mmeiona nyuma ya projekta shuleni kwenu.

Baada ya VGA, IBM haikuongoza tena. Kampuni nyingi zilitengeneza kadi zenye vitone zaidi, kila moja kwa njia yake, hadi watengenezaji wakaunda umoja wao, VESA, mwaka 1989, ili wapatane.

Lakini hadi hapo kadi ilihifadhi picha zaidi kuliko kuichora. Kazi nzito ya kuchora ilikuwa ya kompyuta yenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo, kadi iliyojua jambo moja tu: kuchora pembetatu na kuzivisha ngozi ya mawe, mbao au chuma. Ukuta ni pembetatu, uso wa adui ni pembetatu, maelfu kwa maelfu. Picha za kawaida haikuzionyesha kabisa, ikabidi uwe na kadi nyingine na kuziunganisha kwa waya. Watu walikubali usumbufu huo kwa furaha, maana kuta zilizokuwa na mikwaruzo ya miraba sasa zilikuwa laini.

Pembetatu elfu moja zinaweza kuchorwa kwa pamoja, hakuna inayoingoja nyingine. Kwa hiyo kadi zilijazwa vikokotozi vidogo vingi, kila kimoja na kazi yake, na watafiti wakaona kwamba hesabu yoyote inayogawanyika hivyo inaweza kupelekwa huko. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walitumia kadi mbili za michezo, GeForce GTX 580, kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha, nao wakashinda mashindano ya ImageNet kwa mbali. Kila kadi ilikuwa na gigabaiti 3, karibu mara 200,000 ya kumbukumbu ya CGA. Hata hivyo mfumo wao haukuenea katika kadi moja, wakaugawa, kila kadi ikabeba nusu yake.