JE, WAJUA? Kinachoganda kwenye breki si mafuta

Huko Oulu, Finland, watu huenda kazini kwa baiskeli hata baridi ikishuka chini ya nyuzi -20. Breki zao za mafuta hufanya kazi, ingawa mafuta huwa mazito na mkono wa breki hurudi polepole. Adui hasa ni maji.

Mafuta ya madini hayachanganyiki na maji. Tone likipenya huzama hadi sehemu ya chini, mara nyingi kwenye pistoni za breki, na hapo huwa barafu. Mafuta ya DOT, aina nyingine ya mafuta ya breki, kinyume chake hufyonza unyevu na kuusambaza, hivyo hayagandi kirahisi. Gharama yake huonekana kwenye joto: kiwango cha chini cha mchemko wa DOT 4 mpya ni nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji ni 155 tu.

Kwa hiyo badilisha mafuta na utoe upepo kabla ya majira ya baridi, ukitumia aina iliyopendekezwa na mtengenezaji pekee. Ukiweka aina nyingine, sili za mpira huharibika, na hapo fundi atakuuzia breki nyingine. Ukiosha baiskeli, ikaushe ndani ya nyumba kabla ya kuitoa nje, kwani maji yaliyobaki kati ya pedi na diski huganda pia.