Dawa Haikuteka Kabambare

Nikianza tu kuzungumzia mwaka 1964 mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, hakosekani mtu wa kunikatiza: "Mwalimu, na dawa je?" Nimeulizwa mpaka nimechoka. Vijana wa Simba, waasi wa mwaka huo, chale kifuani na matawi mkononi, wanapaza sauti "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi, na risasi zinageuka maji. Wageni wameisimulia kama kichekesho, wenyeji kama muujiza, na hakuna anayeuliza kwa nini askari wa serikali walikimbia.

Sababu ziko mbili. Kwanza, siasa. Maniema, eneo lenye Kasongo na Kabambare, ilikuwa ngome ya chama cha Lumumba mwaka 1960. Januari 1961 Lumumba akauawa, na mkulima wa pamba wa Kabambare akaona mzungu kaondoka, ila kiti chake hakijabaki wazi. Ndipo watu wakaanza kudai uhuru wa pili. Pili, jeshi. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walimaliza kuondoka 30 Juni 1964. Mwezi uliofuata Simba wakapita Kabambare na Kasongo, na tarehe 24 Julai wakaingia Kindu. Askari wa serikali nao waliiamini dawa. Wengi walitupa silaha kabla ya kupigana.

Basi dawa ilifanya kazi, lakini kichwani mwa adui. Tazama miiko yake: usiguse mwanamke, usiibe, usigeuke nyuma vitani. Muulize sajenti yeyote kama hilo la mwisho si somo lake la kwanza. Na aliyepigwa risasi? Amevunja mwiko, wanasema. Kwa hesabu hiyo mganga hakosei kamwe. Wafilipino walioasi Hispania mwaka 1896 walivaa hirizi zao, anting-anting. Wapiganaji wa Maji Maji walipewa maji ya mganga Kinjikitile mwaka 1905. Wote walizikwa kwa wingi. Novemba 1964 mamluki walipoirudisha Kindu mikononi mwa serikali, hawakuwa na habari na miiko ya mtu.

Na Kabambare yenyewe iliwahi kutekwa zamani, kwa bunduki na mafunzo. Mwaka 1897 askari wa Baron Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, waliokuwa wakipelekwa Mto Nile, waliasi huko Ndirfi. Wakashuka kusini, na mwaka 1898 wakaiteka ngome ya Kabambare kwa bunduki za Albini, wakipigana kwa safu na amri kama walivyofunzwa na maofisa walewale waliowaasi. Hakuna mzee aliyewahi kunikatiza kuuliza habari za Albini! Wabelgiji waliuita "uasi wa Watetela", jina linalofanya vita dhidi ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji vionekane ugomvi wa kabila moja, nalo shuleni bado linafundishwa hivyo. Safuni walikuwamo pia Wakusu, Waluba na Wasongye. Mwaka 1900 waliosalia walivuka kwenda upande wa Wajerumani, wakasalimisha bunduki.