Gari Likifa, Bima Yake Huzikwa na Nani?

Katika mji wa Makambako, pale njia kuu iendayo Mbeya na Zambia inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, magari hayafi kwa siri. Likiisha kuchoka, gari hulazwa nyuma ya gereji, likavuliwa magurudumu, kisha injini, kisha milango. Na mwisho huja mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake. Siku hiyo mwenye gari hupokea fedha zake, hushukuru, na kuhesabu kuwa mambo yamekwisha. Kwa hakika hayajakwisha. Bodi limekwenda, lakini jina la mwenyewe limebaki katika madaftari mawili: la kampuni iliyomkatia bima, na la mamlaka iliyoliandikisha gari.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia aweza kuuliza habari hizi za nyanda za juu zinamhusu nini. Zinamhusu, kwa kuwa chuma chakavu hakina kwao. Nchi yetu inacho chuma chake ardhini, huko Liganga katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe. Na makaa ya mawe ya Mchuchuma, ambayo yangefaa kwa kuzalisha umeme na kukiyeyusha chuma hicho, yako katika wilaya hiyo hiyo. Wahunzi wa Upangwa walikuwa wakifua majembe kabla mzungu hajafika na ramani yake. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, ili makaa yachimbwe, umeme wa megawati 600 uzalishwe, na chuma kiyeyushwe. Miaka zaidi ya kumi ikapita baada ya mkataba ule pasipo tanuri kuwashwa. Katika muda wote huo viwanda vyetu vya nondo vimetegemea chuma kiagizwacho nje na chakavu kiokotwacho nchini. Ndiyo maana gari lililoliwa na chumvi ya bahari kule Makunduchi lina mnunuzi, kama lilivyo na mnunuzi lile lililomalizwa na milima ya Ludewa.

Basi tuitazame bima yenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania Bara, hukataza mtu kulitumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya kumkinga mtu wa tatu, yaani yule apitaye njia ambaye hana habari na safari yako. Neno la kushika hapo ni kutumia. Gari lililolala juu ya matofali uani, lisiloweza kwenda, halidaiwi bima hiyo. Wengi wamelielewa jambo hili nusu. Wanajua kuwa gari lililokufa halihitaji bima mpya. Hawajui kuwa bima ya zamani haifi pamoja nalo. Mkataba wa bima ni karatasi baina ya watu wawili, nao huendelea hadi siku yake ya mwisho, au hadi mmoja wao atoe taarifa ya kuuvunja.

Hapana budi pia kutenganisha aina mbili za bima, maana kila moja huwa na mwisho wake. Mwenye bima kubwa, gari lake likipondeka katika ajali hata halifai kutengenezwa, hulipwa thamani yake kwa mujibu wa mkataba, na baada ya hapo mabaki huwa mali ya kampuni. Akitaka kubaki nayo, bei yake hukatwa katika malipo. Mtu wa namna hii hana haki ya kudai ada ya miezi iliyobaki, kwa sababu bima yake imekwisha kutimiza kazi yake. Wala hana ruhusa ya kuyauza mabaki kwa mwenye mzani, maana si yake tena. Tumesikia watu wakilalamika kuwa wamedhulumiwa hapa. Hawakudhulumiwa, hawakusoma mkataba.

Mwenye bima ndogo ana hali nyingine. Gari lake likiteketea, kampuni haimlipi hata senti moja kwa ajili ya gari hilo, kwani bima ile ilikuwa ya jirani, si yake. Lakini kwa kawaida mikataba ya bima humpa nafasi ya kuandika barua, kuivunja bima kabla ya muda wake, na kurudishiwa sehemu ya ada, mradi hajadai chochote mwaka ule. Tuchukue mfano wa mkulima wa viazi wa Njombe aliyelipa shilingi 118,000 mwezi wa Januari kwa gari lake dogo, yaani 100,000 za bima na 18,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Mwisho wa Mei gari limekufa. Kwa hesabu ya darasani miezi saba iliyobaki ni shilingi 58,333 za ile ada ya laki moja. Asizitegemee zote. Makampuni hukokotoa marejesho kwa viwango vya muda mfupi, ambavyo humwachia mwenye bima pungufu ya hapo, na pengine pungufu sana. Hata hivyo kidogo hicho ni chake, naye hukiacha mezani kwa sababu hakuna aliyemwambia aandike barua.

Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Lililo kubwa ni cheti. Sheria imemlinda mtu wa tatu kiasi kwamba, mahakama ikishaamua alipwe, kampuni hulazimika kulipa hata pale ambapo ingekuwa na haki ya kumkana mteja wake. Kampuni hujinasua ikiwa bima ilifutwa kwa haki kabla ya ajali na cheti kikarejeshwa. Kwa hiyo kufuta bima si maneno ya simu wala ahadi ya wakala aliye njiani. Ni taarifa ya maandishi, cheti kurudi, na kumbukumbu kurekebishwa. Na siku hizi, ambapo habari za stika zimewekwa katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, askari huweza kuiuliza namba ya gari kwa simu na kujibiwa kuwa bima ingali hai. Gari limekatwakatwa, namba yake inajibu.

Hapo ndipo hatari huingia. Si siri kwamba wako wajanja wanunuao gari bovu si kwa ajili ya chuma, bali kwa ajili ya kadi na vibao vya namba. Kadi ya gari lililokufa huvishwa gari jingine lisilo na nasaba njema, nalo huingia barabarani likiwa na jina la mtu aliyekwisha kulisahau. Siku likimgonga mwanafunzi avukaye njia, dereva akakimbia, atakayegongewa mlango ni yule mkulima wa viazi. Aweza hatimaye kuthibitisha kuwa aliliuza, na kwamba aliyelinunua hakuwa na bima yoyote kutoka kwake. Lakini atathibitisha kwa nini, ikiwa aliuziana na mtu wa mzani kwa kushikana mikono? Na mzazi wa yule mtoto atamdai nani?

Kwa upande wa maandikisho, kwa Tanzania Bara mwenye gari lililoharibika moja kwa moja hupaswa kuiarifu Mamlaka ya Mapato, TRA, akirudisha kadi na vibao ili gari lifutwe. Zamani uzembe katika jambo hili ulikuwa na adhabu iliyoonekana: ada ya leseni ya gari ilipandana mwaka hadi mwaka, na watu walishtuka kudaiwa fedha nyingi kwa magari yaliyokwisha kugeuka mabanda ya kuku. Bajeti ya mwaka 2017 iliifuta ada hiyo ya kila mwaka na kuongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Wananchi walipumua, nasi tuliona ni busara. Walakini mzigo ule ndio uliokuwa ukimsukuma mwenye gari kwenda ofisini. Ulipoondoka, hakuna kilichokuja mahali pake, na magari maiti yamebaki katika daftari kana kwamba yanatembea.

Kwa watu wa visiwani lipo tatizo la ziada. Zanzibar huandikisha magari yake yenyewe, kwa namba zianzazo na herufi Z, na ina Shirika lake la Bima tangu mwaka 1969. TIRA husimamia bima pande zote mbili za Muungano, lakini daftari la magari si moja. Gari la Z likivuka bahari na kufia Bara, mnunuzi wa chakavu wa Makambako hana la kuuliza, na ofisi ya Unguja haina wa kuipasha habari. Mwenye gari, aliyerudi kwao kwa meli, ndiye peke yake ajuaye kwamba gari halipo.

Wakuu wanaohusika hawahitaji kutunga sheria nzito. Mitambo ya TRA na TIRA imekwisha kujengwa kwa fedha za wananchi. Ipewe amri ya kuarifiana, ili gari lifutwapo upande mmoja bima isimame upande wa pili, na kampuni ipate taarifa ya kurudisha ada iliyobaki pasipo mwananchi kufunga safari mbili kutoka Ludewa. Ofisi za Zanzibar zitiwe katika mnyororo huo huo. Na wanunuzi wa chuma chakavu, ambao wanatambulika kila mji, wanalo tayari daftari la uzito na bei. Liongezwe safu mbili, moja ya namba ya chesesi na moja ya hati ya kufutwa kwa gari, na asiyekuwa na hati hiyo gari lake lisipandishwe mzanini.